Yudith Eliufoo na Kesi ya Masizi

Mwezi wa sita mwaka 1994, Yudith Eliufoo alipewa kalamu na karatasi, akaambiwa aandike kwa mkono wake mwenyewe kwamba ameharibu bahasha elfu mbili na mia tatu za mali ya serikali. Hakuandika. Habari ingeweza kuishia hapo, ila pale kijijini Chome wapo wanaoisimulia huku wanacheka: mama mzima, mwanakwaya wa kanisani, kugombana na daktari wa chuo kwa sababu ya ukoga. Wanaocheka na wacheke. Ukoga huo wameukanyaga tangu utotoni wakienda kuchota maji, na hakuna hata mmoja wao aliyewahi kuinama akautazama.

Vitabuni huitwa kuvumwani. Ni ule mmea mfupi, laini, wa kijani, unaojitandaza juu ya mawe yenye unyevu na kwenye magome ya miti. Katika msitu wa Shengena, ambako ukungu unaweza kukaa wiki nzima wakati Same kule chini watu wanameza vumbi, kuvumwani imefunika kila kitu kisichotembea. Yudith alizaliwa chini kidogo ya msitu huo. Alimaliza darasa la saba, akalima na mama yake miaka kadhaa, na mwaka 1977 akapata kazi ya kufagia katika kituo kidogo cha utafiti wa misitu kilichokuwa juu ya kijiji. Kazi yake ilikuwa kufagia, kuchemsha chai na kufuta vumbi kwenye hadubini. Hakuna aliyemwambia asichungulie.

Aliyemkuta akichungulia ni Bwana Fanueli, mtaalamu wa mimea wa kituo, mwenyeji wa Vudee, mtu wa maneno machache na sweta moja.

"Shikamoo," Yudith akasema, akirudi nyuma na ufagio wake.

"Marahaba. Umeona nini?"

"Nimeona meno."

Bwana Fanueli akavuta kiti, akamwambia aketi. Kuanzia siku ile sakafu ya kituo ilifagiwa haraka haraka, maana kulikuwa na kazi nyingine inayosubiri.

Alimfundisha hivi. Kuvumwani haina ua wala mbegu. Inachomoza kijiti chembamba kama uzi, na juu ya kijiti kuna kikopo kidogo kuliko punje ya ulezi. Kikopo kina kifuniko. Vumbi lililomo likikomaa, kifuniko hudondoka chenyewe, na mdomoni mwa kikopo hubaki meno, ambayo mara nyingi hufunguka hewa ikiwa kavu na kujifunga ikiwa na unyevu, ili vumbi litoke kidogo kidogo. Kila chembe ya vumbi hilo huitwa spora, na kila spora ikianguka mahali pazuri huota.

"Majani usiyaamini sana," Bwana Fanueli alikuwa akimwambia. "Majani yanafuata mahali. Kivulini yanarefuka, juani yanajikunja, utadhani ni watu wawili kumbe ni mmoja kabadilisha nguo. Spora haibadilishi nguo. Kama ni laini, ni laini hapa na ni laini Usambara. Kama ina vinundu, ina vinundu."

Yudith aliyashika. Katika miaka mitano alikuwa akipanda Shengena peke yake na panga na kikapu, na akirudi alijua ameleta nini kabla hajawasha moto wa chai. Kwenye orodha ya mishahara aliendelea kuandikwa mfagiaji.

Kisha ikaja ile miaka ambayo wenye umri wanaikumbuka bila kuulizwa. Sabuni hakuna, sukari hakuna, chumvi kwa foleni. Bwana Fanueli alihamishiwa Morogoro mwaka 1982, na mwaka uliofuata zikaja habari kwamba amefariki. Yudith alilia siku mbili. Siku ya tatu akarudi kazini, akakuta jiko la kukaushia mimea limezimika kwa kukosa mafuta ya taa, na juu ya meza kuna kuvumwani mbichi za wiki nzima zimeanza kuota ukungu mweupe. Jua halikuwapo, na nje palikuwa na mvua nyepesi isiyonyesha wala kukatika. Zikikaa siku mbili zaidi zilikuwa za kutupwa.

Yudith akafanya ambalo mwanamke yeyote wa milimani angefanya. Akazibeba hadi jikoni kwa mama yake, akazipanga uchagani, pale juu ya moto ambapo mahindi ya mbegu hukaa mwaka mzima yasiguswe na dumuzi.

Mama yake, Evaline, alizitazama kutoka chini.

"Umeniletea takataka za msituni juu ya mahindi yangu?"

"Ni kazi ya serikali, mama."

"Serikali haina jiko?"

"Haina mafuta."

Evaline akaguna, akasogeza mahindi. Tangu siku hiyo, kwa miaka kumi na moja, kuvumwani za Shengena zilikaukia pale. Zile za masika ya kwanza, mwaka 1983, zililetwa wazi bila kufungwa, na Yudith alipozitazama kwenye hadubini aliona vijidoa vyeusi vimegandamana na spora. Masizi. Akajilaumu, akazihesabu, zikawa mia moja na kumi na tatu, akaziandika kwenye daftari kama zilizoharibika. Baada ya hapo kila kuvumwani ilikwenda uchagani ikiwa imefungwa ndani ya karatasi, na karatasi zilitoka popote zilipopatikana, kwenye magazeti, kwenye madaftari ya watoto yaliyoisha, hata kwenye matangazo ya zamani ya kampeni ya chanjo.

Mwaka 1986 aliona kile alichokuja kukipigania. Kulikuwa na kuvumwani mbili zilizofanana majani, rangi na urefu, kiasi kwamba Bwana Fanueli mwenyewe aliziweka kwenye boksi moja na jina moja. Moja iliishi kwenye magome ya miti ya mikulo, nyingine kwenye mawe ya mtoni. Asubuhi moja yenye mwanga mzuri, Yudith akiwa ameelekeza kioo cha hadubini dirishani, aliweka spora za ile ya mikulo. Zilikuwa laini kama yai. Akaweka za ile ya mawe. Zilikuwa na vinundu mwili mzima, kama ganda la stafeli. Akarudia mara sita. Kisha akaandika kwenye daftari: "Si moja. Ni mbili." Akaandika na barua kwenda Dar es Salaam. Haikujibiwa, wala hakushangaa sana, maana kwenye bahasha alikuwa ameandika cheo chake.

Miaka ikageuka. Ikaingia enzi ya ruksa, mitumba ikajaa soko la Same, sabuni ikawa ya kuchagua harufu. Watu wakasema maisha yamefunguka. Kwa wafanyakazi wa serikali wa ngazi ya chini yalianza kufungwa, kwa sababu yalikuja majina kwenye orodha, na neno jipya ambalo kila mtu alilitamka kwa sauti ya chini: kupunguzwa. Mapema mwaka 1994 mkuu wa kituo, Bwana Nicolaus, aliwatangazia kwamba kituo kinafungwa. Nyumba ilikwisha kupata mpangaji, mfanyabiashara wa mbao, naye alitaka vyumba vitupu. Atakuja mtaalamu kutoka Dar kuchagua mimea ya kuhamishiwa huko. Itakayobaki itachomwa moto.

Mtaalamu huyo, Daktari Sylvester, alifika Jumatano akiwa na mafua na viatu vya mjini. Hakuwa mtu mbaya. Alisalimia kila mtu, akaomba maji ya moto, akaingia ghala la kuhifadhia mimea. Akafungua bahasha ya kwanza, akainusa. Akafungua ya pili, akainusa nayo.

"Hizi zilikaushwa wapi?"

"Jikoni kwa mama yangu," Yudith akajibu.

Daktari akamtazama kuona kama anatania. Akaketi kwenye hadubini, akapima bahasha kumi, na kwa bahati mbaya nne kati ya hizo zilikuwa kuvumwani ya mawe. Akaita Bwana Nicolaus.

"Angalia. Vinundu hivi si vya spora. Ni masizi. Miaka kumi na moja ya moshi. Huwezi kuainisha chochote kwa spora zilizopakwa masizi."

"Daktari, hivyo ni vinundu vyake," Yudith akasema. "Za masizi ninazo, mia moja na kumi na tatu, ziko boksi la chini. Hizi si zenyewe."

"Mama, nimesomea hizi spora miaka minane."

"Na mimi nimezitazama kumi na saba."

Daktari akapenga kamasi, akaandika kwenye fomu: zimeharibika, ziteketezwe. Kuchoma kulipangwa kesho yake, kabla gari halijaondoka.

Alasiri Bwana Nicolaus alimwita Yudith ofisini, akafunga mlango. Alikuwa na tabia ya kuwa mpole anapotaka kitu. Akamweleza kwamba mali ya serikali haichomwi hivi hivi, lazima awepo wa kubeba sababu. Yeye Yudith aandike tu kwamba alikausha jikoni bila idhini na akaharibu mkusanyiko mzima. Kisha akaegemea mbele.

"Ukiandika, jina lako nalitoa kwenye orodha. Ofisi ya Same wanahitaji mfagiaji. Nitakuombea."

Yudith alikuwa na miaka thelathini na tisa na watoto wanne shuleni, na mume aliyekwenda kufanya kazi mashamba ya mkonge akawa anarudi kwa Krismasi tu, nayo si kila mwaka. Aliitazama ile karatasi nyeupe. Aliitamani kazi, na asiyewahi kuitamani kazi namna hiyo asimcheke. Lakini aliona pia jinsi sentensi hiyo ingesomeka: mkusanyiko mzima. Miguu yake yote ya kupanda na kushuka, na miaka ya Bwana Fanueli humo humo, imefanywa uchafu kwa mwandiko wake.

"Mia moja na kumi na tatu nitaziandika," akasema. "Sasa hivi, na sahihi naweka. Zaidi ya hizo siandiki."

"Fikiri mpaka asubuhi."

Alirudi nyumbani jua bado liko juu ya mgongo wa mlima, akamkuta mama yake jikoni anachochea moto chini ya sufuria ya makande. Akamsimulia yote. Evaline alisikiliza kimya hadi pale paliposemwa masizi ya jikoni kwake, ndipo akaja juu.

"Jikoni kwangu ndiko kumeharibu? Miaka arobaini napikia moshi huu huu. Mchungaji amekula hapa. Wachumba zenu wamekula hapa. Nani aliwahi kukuta masizi kwenye makande yangu?" Akachukua kitambaa, akafunua kifuniko cha sufuria, ambayo nje ilikuwa nyeusi kuliko chungu cha mfinyanzi. "Tazama humo. Yako wapi?"

Yudith akatazama humo. Mvuke ukampiga usoni, na bado akaendelea kutazama, hadi mama yake akamuuliza kama anaumwa.

"Siumwi," akasema. "Funika, mama. Funika."

Asubuhi alifika kituoni wa kwanza. Daktari Sylvester alipoingia na kikombe chake, alimkuta Yudith amekwisha kuweka hadubini dirishani, sindano mbili mezani na bahasha mbili zimefunguliwa. Mlangoni Bwana Nicolaus alisimama na ile karatasi.

"Daktari, naomba dakika kumi, halafu mkachome."

Akatoa kijiti kimoja cha kuvumwani ya mawe, akamwekea juu ya kipande cha kioo, akampa lenzi ya mkono.

"Kikopo hiki kina kifuniko au hakina?"

Daktari akainama. "Kinacho."

"Kimefunguka popote? Kimepasuka?"

"Hapana. Kimekomaa, lakini bado kimefungwa."

"Basi moshi wa mama yangu haujaingia humo. Au umeingia?"

Daktari akakiinamia tena kile kikopo. Yudith akaosha sindano kwa spiriti, akakifuta kile kikopo nje kwa pamba yenye spiriti, pamba ikatoka nyeusi, naye hakuificha, akaiweka mezani waione. Akabadilisha sindano. Akakibana kikopo kwa moja, kwa nyingine akakibandua kifuniko, na vumbi la kahawia likamwagika kwenye tone la maji. Akafunika kwa kioo chembamba, akasogea pembeni.

Daktari Sylvester alitazama muda mrefu. Alizungusha skrubu, akarekebisha mwanga, akazungusha tena. Vinundu vilikuwepo, mwili mzima, kila spora.

"Niwekee ya mikulo," akasema bila kuinua kichwa.

Akamwekea, nayo kwa namna ile ile, kikopo kilichofungwa. Laini. Daktari akanyanyuka, akaenda ghalani mwenyewe, maana hakutaka kuchaguliwa, na hapo Yudith alimheshimu kwa mara ya kwanza. Akarudi na bahasha tano za miaka mbalimbali, akavitafuta vikopo vilivyofungwa, akavifungua kwa mkono wake. Za mawe zikawa na vinundu, za mikulo zikawa laini. Saa nzima ikapita. Chai yake ikapoa na utando juu.

"Nimekosea," akasema. "Si masizi. Na si kuvumwani moja, ni mbili. Sijawahi kuiona hii ya mawe ikiandikwa popote."

Akachukua fomu, akakata maneno yake ya jana kwa mistari miwili, akaandika juu yake: zihamishwe zote, isipokuwa mia moja na kumi na tatu. Akaweka sahihi. Bwana Nicolaus aliikunja ile karatasi yake nyeupe, na kutoka mfuko ule ule akatoa nyingine.

"Kwa kuwa mambo yamekwisha," akasema, "pokea na hii."

Ilikuwa barua ya kupunguzwa kazini. Yudith akaisoma, kisha akasoma tarehe. Ilikuwa imeandikwa na kusainiwa wiki mbili nyuma.

"Jana ulikuwa nayo mfukoni," akasema.

Bwana Nicolaus akatazama dirisha. Hapakuwa na ofisi ya Same wala ufagio wowote unaomsubiri huko. Angeandika, angejichafua, na bado angerudi nyumbani mikono mitupu. Yudith alihisi hasira inampanda, kisha ikatulia mahali fulani kifuani, ikawa kitu kigumu anachoweza kukiegemea. Akaweka sahihi ya kupokea barua yake.

Saa sita gari lilirudishwa nyuma hadi mlango wa ghala. Ukungu ulikuwa unashuka, na dereva alikwisha kulalamika mara mbili kwamba ile barabara ikilowa hatashuka nayo leo. Daktari aliitaka bahasha ya kuvumwani ya mawe isafiri naye mbele, isichanganywe na nyingine. Akatoa lebo mpya, akaijaza mezani kwa mwandiko mzuri: mahali, Shengena; juu ya mawe ya mtoni; spora zenye vinundu; mkusanyaji, Y. Eliufoo. Chini kabisa palikuwa na mstari ulioandikwa "Imetambuliwa na." Hapo akaandika jina lake, akaibandika lebo kwenye bahasha.

Yudith alikuwa amesimama nyuma yake.

"Daktari, hapo futa."

"Wapi?"

"Hapo chini. Mkusanyaji ni mtu aliyebeba kikapu. Mimi sikubeba kikapu tu."

Daktari akatabasamu kwa upole, upole wa mtu aliyechoka. "Mama Yudith, ni utaratibu. Nafasi hii ni ya mtaalamu. Ukiandikwa wewe, wenzangu watauliza huyu ni nani, ana shahada gani. Nitakutaja kwenye shukrani."

Yudith hakubishana. Alitoka nje, akaufunga mlango wa ghala, akazungusha ufunguo, akautia kifuani. Kisha akaketi kwenye ngazi, akanyoosha miguu.

Bwana Nicolaus akaja mbio. "Yudith, toa ufunguo. Hiyo ni mali ya serikali."

"Na mimi si mfanyakazi wa serikali. Nina barua. Utanifukuza mara ya pili?"

Dereva akacheka, akajifanya anakohoa. Bwana Nicolaus akamtolea macho, akamgeukia Daktari, na Daktari akatazama ule ukungu uliokuwa umekwisha kuimeza miti ya juu.

"Mama, tutakwama huku," akasema.

"Mtakula makande. Jikoni kwa mama yangu pana nafasi."

Matone yalianza kugonga turubai la gari. Daktari Sylvester alisimama mvuani na viatu vyake vya mjini, bahasha imekingwa chini ya koti, na Yudith akamwona anapigana na jambo fulani, jambo ambalo halikumhusu Bwana Nicolaus wala dereva.

"Jana nilisema ni masizi," hatimaye akasema, kana kwamba anajibu swali la mtu mwingine.

"Ulisema."

"Na wewe ulisema ni vinundu."

"Mwaka 1986 nilisema. Nikaandika na barua."

Akaiweka bahasha juu ya boneti, akaikinga kwa mwili wake, akakata jina lake. Kalamu ilikwama kwenye unyevu, akaipuliza, akaandika tena taratibu. Kisha akampelekea pale pale kwenye ngazi. Yudith akasoma: Imetambuliwa na Y. Eliufoo, 1986. Akasoma tena kuanzia juu, mahali, mawe, spora, hadi chini. Halafu akainuka, akafungua ghala, akabeba boksi la kwanza mwenyewe.